Fedha za palizi zimepungua sandukuni, na mtoto wa marehemu mdogo wangu anaitwa mwongo

Mshauri wetu, assalaam aleykum.

Ninakuandikia kutoka Tandahimba, na naomba jina langu lisitajwe kwa sababu jambo lenyewe liko ndani ya ukoo na bado halijafika mwisho. Mimi ni mke wa mtu na mkulima wa korosho. Nina watoto watatu wa kuwazaa na mmoja niliyeachiwa na marehemu mdogo wangu. Huyo wa nne ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na nimekaa naye tangu alipoanza darasa la kwanza. Ananiita mama mkubwa, lakini sijawahi kumtenga na wenzake.

Mwezi uliopita mume wangu alitoa fedha kwa wakala ili alipe vibarua wa palizi na kukodi bomba la kupulizia mikorosho. Alizifunga katika kipande cha kanga kuukuu ya kijani, akaziweka kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda chetu, na ufunguo akautundika msumarini nyuma ya mlango, mahali unapokaa siku zote. Siku ya kulipa vibarua alipozihesabu alikuta zimepungua shilingi 180,000. Siku moja kabla ya hapo sisi wakubwa tulishinda shambani, na nyumbani walibaki kijana huyu na binti yangu wa mwisho, mwenye miaka 5.

Usiku ule mume wangu alimwita kijana na kumuuliza alishindaje. Akasema alikwenda kioskini na baiskeli kuchota maji, akarudi, kisha akaenda kunyolewa. Siku ya pili alifika kaka yangu kutoka Newala, ambaye ndiye mjomba wake na kwa desturi yetu ndiye mwenye neno juu yake. Safari hii kijana alisema alinyolewa kwanza, na maji aliyafuata baada ya alasiri. Alipoulizwa madumu aliyaacha wapi wakati ananyolewa, alinyamaza, kisha akasema hakumbuki. Muda wote alikuwa ameinamisha macho, jasho linamtoka na sauti haitoki. Kaka yangu akasema: "Mwenye haki huwatazama watu usoni, na msema kweli hasemi jambo moja kwa namna mbili."

Kilichoniumiza zaidi ni binti yangu. Siku ya kwanza tulimuuliza kama alimwona mtu chumbani kwetu, akasema hakuona mtu. Baba yake akamuuliza tena, mjomba wake akamuuliza, bibi yake akamuuliza, nami pia nikamuuliza. Siku ya tatu akasema kaka aliingia chumbani akachukua kitambaa chekundu. Nikasema kitambaa kilikuwa cha kijani. Mume wangu akajibu kwamba mtoto mdogo hajui rangi.

Sikufichi, kijana huyu amewahi kunidanganya. Mwaka jana aliniambia anabaki shuleni kwa masomo ya ziada, kumbe yuko uwanjani anacheza mpira. Lakini nilimgundua mwenyewe, maana mimi akinidanganya namjua: hujibu upesi mno. Safari hii hakujibu upesi, na moyo wangu unaniambia hakuchukua. Mume wangu anasema damu imenifumba macho.

Sasa kaka yangu anataka Jumamosi ijayo ampeleke kwa mganga mmoja ng'ambo ya Ruvuma, akanyweshwe dawa ambayo mwongo akiinywa tumbo humvimba. Mume wangu hayataki mambo ya waganga. Yeye anataka kijana aape kwa Msahafu mbele ya wazee, na akisita tu arudishwe kwa ukoo wa baba yake huko Masasi, watu ambao hawajawahi kumtumia hata daftari. Nikikataa, nitaonekana nawapinga mume na kaka kwa mpigo mmoja. Nikikubali, namwogopa Mungu na namwogopa marehemu. Nitajuaje kama mtoto huyu anasema kweli?

Mama Mkubwa, Tandahimba

MSHAURI ANAJIBU

Waaleykum salaam, mama yangu.

Pole kwa mzigo huu, na pole zaidi kwa sababu umeubeba ukiwa katikati: upande mmoja mume, upande mwingine kaka, na mbele yako mtoto ambaye mama yake hawezi kuja kumsemea. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba swali uliloniuliza ni moja, ilhali ndani yake yamo matatu. La kwanza ni kama fedha zile ziliibwa. La pili ni nani aliyezichukua, ikiwa ziliibwa. La tatu ni kama kijana alisema kweli kuhusu mchana wake. Nyumbani kwenu maswali haya yameshikamanishwa hata kijana akibabaika katika la tatu, huhesabiwa kuwa amekwisha kujibu la kwanza na la pili. Mtu anaweza kuficha alikoshinda kwa sababu isiyohusiana na sanduku, na fedha zinaweza kupungua bila mwizi.

Kaka yako ameanza na macho, na kwa hilo hayuko peke yake. Watafiti waliwahi kuwauliza watu wa nchi 58 mwongo anajulikanaje, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 jibu lililotajwa kuliko yote lilikuwa kwamba mwongo hakutazami usoni. Ni imani ya dunia nzima, lakini wanaosemwa hivyo wanapopimwa, macho hayatoi ushahidi huo. Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa ziada. Tunamfundisha mtoto tangu akiwa mdogo kwamba kumkodolea macho mkubwa anayemsema ni utovu wa adabu, na siku ya kumshitaki tunamtaka ayainue. Jasho nalo na sauti kukwama ni dalili za hofu, na kijana wa miaka 16, yatima, aliyewekwa mbele ya mjomba aliyefunga safari kwa ajili yake, ana sababu ya kuogopa, awe amechukua au hakuchukua. Hata ile mashine ya kupima uongo inayotumiwa katika baadhi ya nchi husoma pumzi, mapigo ya moyo na jasho, yaani inaupima msukosuko wa mwili, wala uongo wenyewe haiuoni.

Mwaka huohuo wa 2006 Charles Bond na Bella DePaulo wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti nyingi ambamo watu zaidi ya 24,000 walisikiliza maelezo ya wengine na kuamua nani mkweli na nani mwongo. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila 100. Anayerusha shilingi juu na kuamua kwa upande utakaoangukia angepata 50, na hata wale ambao kazi yao ni kushughulika na waongo, kama polisi, hawakuwa bora kwa kiasi cha kujivunia.

Naogopa, mama, kwamba hesabu hiyo inakugusa na wewe. Unasema akikudanganya unamjua. Lakini uongo unaoukumbuka ni ule uliougundua. Ule uliopita bila wewe kuutambua huna namna ya kuuhesabu, kwa hiyo lazima ujione hodari. Victoria Talwar, mtafiti wa saikolojia ya watoto, na wenzake waliwahi kuwajaribu wazazi kwa watoto wao wenyewe, wakaona kwamba wazazi hawakuwa na jicho kali zaidi na kwamba huelekea kumwamini wa kwao. Mume wako anaposema damu imekufumba macho, amesema nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba hasira ya fedha zilizopotea nayo hufumba.

Sasa nikae kidogo kwenye lile la kunyolewa na kuchota maji, kwa sababu hapo ndipo kaka yako ameweka uzito mkubwa, na hoja yake si ya kupuuzwa. Kusema uongo ni kazi kubwa ya akili kuliko kusema kweli. Aldert Vrij, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Portsmouth nchini Uingereza, ameyaeleza mambo ambayo mwongo huyafanya kwa wakati mmoja: kuitunga habari, kuizuia ile ya kweli inayojileta yenyewe, kukumbuka amekwisha kusema nini, na kumwangalia msikilizaji kama ameamini. Ndiyo maana baadhi ya wapelelezi humtaka mtu aisimulie siku yake kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ili mzigo uzidi na aliyetunga ashindwe. Kwa hiyo kaka yako hakukosea kudhani kwamba mwongo anaweza kujikwaa katika maelezo yake.

Tatizo ni kwamba msema kweli aliyeogopa naye amebeba mzigo. Anakumbuka huku akijiuliza wanamwonaje, huku akihofia neno litakalomponza, na nafasi ya kukumbuka inabaki ndogo. Tena kumbukumbu haikai kama korosho ghalani, kwamba ukiitoa ni ileile uliyoiingiza. Kila tunaposimulia tunaijenga upya, na vipande vya siku za kawaida ndivyo vinavyobadilishana nafasi kwa urahisi zaidi. Huyu huenda kuchota maji siku nyingi kwa baiskeli ileile, kwenye kioski kilekile. Ni vigumu kwake kuitenga foleni ya siku ile na ya juzi yake. Waongo, kwa upande wao, mara nyingi huikariri habari moja na kuirudia vilevile, kwa hiyo kusema jambo kwa namna moja mara mbili hakumtakasi mtu, na kulisema kwa namna mbili hakumtii hatiani. Hata hivyo sitaki ulichukue hili kama utetezi wake. "Sikumbuki" ni neno la mkweli aliyechoka na pia ni maficho ya mwongo, na mimi niliye mbali siwezi kukutenganishia.

Kuhusu binti yako nina wasiwasi kuliko kuhusu jingine lolote. Stephen Ceci wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994. Waliwauliza watoto wadogo, juma baada ya juma, kuhusu mambo yaliyowahi kuwapata na mengine ambayo hayakuwahi kutokea kabisa, kama vile kunaswa kidole na mtego wa panya na kupelekwa hospitali. Baada ya majuma kama kumi, zaidi ya nusu ya watoto walisimulia walau jambo moja la uongo kana kwamba limewapata, tena kwa vipande vidogovidogo vya kuvutia, na wataalamu walioonyeshwa picha zao za video hawakuweza kutambua ni habari ipi ya kweli. Watoto wale hawakuwa wanadanganya. Mwongo ni mtu anayejua kweli na kukusudia kukupa kinyume chake. Mtoto anayeulizwa na baba, mjomba, bibi na mama swali lilelile hujifunza kwamba jibu lake la kwanza halikutosha, huanza kuliwaza tukio, na mwisho huliona kichwani. Inawezekana, ndiyo, kwamba siku ya kwanza aliogopa na siku ya tatu akasema alichokiona. Lakini kwa jinsi alivyoulizwa, hakuna tena anayeweza kujua, na kitambaa chekundu mahali pa kanga ya kijani kingenifanya nisite. Nakuomba asiulizwe tena, wala asisifiwe kwa alichosema, wala asigombezwe.

Sasa Jumamosi. Juu ya dawa ya mganga sitakuwa na maneno ya pande mbili: mtoto asinyweshwe kitu ambacho hakuna anayejua kimetiwa nini na kiasi gani. Wazee wetu wa huku kusini wanaijua habari ya mwavi, ile dawa ya sumu waliyonyweshwa washitakiwa ili kuwapima, na wanajua kwamba wapo walioondoka nao. Tumbo huvimba kwa sumu au kwa hofu, halivimbi kwa uongo. Kiapo cha Msahafu ni jambo jingine, ni la ibada, na sipendi kulisemea kwa wepesi. Ningependa mume wako azungumze kwanza na shehe mnayemwamini kuhusu kumwapisha kijana kwa mashaka tu, na hasa kuhusu lile sharti la kwamba akisita amehukumiwa. Anaweza kusita kwa sababu ana hatia, na anaweza kusita kwa sababu anakiogopa Kitabu kuliko wote mliokaa pale barazani.

Kuna hatari nyingine ambayo hukuitaja. Kijana akibanwa usiku wa tatu na wa nne anaweza kusema "basi, ni mimi" ili alale. Mwaka 1996 Saul Kassin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwasingizia wanafunzi wa chuo kwamba wamebonyeza kitufe kilichokatazwa na kuiharibu kompyuta. Hawakuwa wamekibonyeza, lakini 69 katika kila 100 walitia saini kukiri. Hao hawakuwa na mjomba mbele yao wala safari ya Masasi. Likitoka neno la kukiri kwa namna hiyo nyumbani kwenu, mtadhani mmefika mwisho, kumbe ndipo mmepoteza njia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko kwa kijana, iko kwa mume wako, nayo inahitaji ulimi laini. Kaeni wawili, bila mtu mwingine, mpitie ujumbe wa miamala kwenye simu yake, daftari la vibarua, na kila senti iliyotoka tangu siku ya wakala: mafuta ya bomba, malipo ya awali, aliyekopeshwa njiani. Usimwambie amesahau; mwambie unataka hesabu iwe kamili kabla ukoo haujakaa, ili asije akaulizwa na kaka yako swali asilo na jibu lake. Kumbukumbu ya mtu mzima nayo huweka fedha mahali ilipokwisha kutoka. Hatari ni kwamba ataona unamgeuzia kibao, na hapo wewe unayemjua ndiye utakayepima saa ya kulianzisha. Hesabu ikikaa sawa na fedha bado hazipo, mtakuwa walau mmelijibu swali la kwanza. Jiulizeni pia ni nani mwingine anayeujua ule msumari.

Kijana mzungumze naye peke yenu, mkiwa na kazi mikononi, si barazani. Usianze na sanduku. Mwambie akusimulie siku ile tangu alipoamka, na umwache aende mpaka achoke, bila kumkatiza wala kumsahihisha. Katika atakayoyasema sikiliza yale yanayoweza kuhakikishwa: nani alikuwa mbele yake kwenye foleni, kinyozi alikuwa na mteja gani, alilipa kiasi gani na alizipata wapi. Wanaodanganya huelekea kuyakwepa mambo ya namna hiyo, na wasemao kweli huyatoa wakipewa muda. Lakini mji wenu si mkubwa. Ukienda kumuuliza kinyozi waziwazi, kabla ya magharibi kijana atakuwa mwizi mtaani kote hata kama ni mkweli. Na ukigundua kwamba hakwenda kunyolewa kabisa, utakuwa umejua tu kwamba hakuwako kwa kinyozi. Ile mbinu ya kusimulia kinyumenyume usiijaribu. Imepimwa kwa makundi ya watu, na kwa mtoto mmoja mwenye hofu itakupa mkanganyiko utakaoudhania kuwa ushahidi.

Nakuuliza pia jambo la mwaka jana: ulipomkuta uwanjani, ilikuwaje? Talwar na Kang Lee walilinganisha watoto wa miaka mitatu na minne katika shule mbili za Afrika Magharibi, moja ikiwa na viboko na adhabu kali, nyingine isiyo navyo, na mwaka 2011 walieleza kwamba watoto wa shule ya adhabu kali walidanganya zaidi, tena waliufunika uongo wao kwa ustadi mkubwa zaidi. Ikiwa kijana ameshajifunza kwamba kusema kweli na kukamatwa vina malipo mamoja, hana sababu ya kukwambia, hata kama anatamani.

Kwa kaka yako usiende na kukataa. Yeye ndiye mjomba, na heshima hiyo inaweza kutumika kumlinda mtoto kama inavyotumika kumhukumu. Mpigie kabla ya Jumamosi, umwambie kwamba hesabu ya fedha bado haijakamilika na unamwomba yeye, kama mwenye mtoto, asogeze siku mpaka ikamilike. Unaweza kumkumbusha kwamba akimpeleka ng'ambo na akarudi mgonjwa, ukoo utamuuliza yeye. Atakubali au hatakubali. Lakini utakuwa umemwomba muda tu, hujamwomba akiri kuwa amekosea.

Mwisho wa yote inawezekana ikajulikana kwamba kijana alichukua, na hapo litakuja swali la alikuwa na shida gani na atazirudishaje, labda kwa kufanya kazi msimu wa kuokota. Inawezekana vilevile, na hili naliona karibu zaidi, kwamba hamtajua kamwe. Hilo ndilo ningependa ulizungumze na mume wako mapema, ufunguo ukiwa umekwisha kuondolewa msumarini: kama yuko tayari kuishi na shilingi 180,000 zisizojulikana zilikokwenda na kijana akiwa bado nyumbani, au anaona ni rahisi zaidi kuishi na kijana aliyeondoka bila kujulikana kama alichukua. Nawe jibu lako la swali hilohilo mwambie, kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ambapo amewahi kukuuliza.